Vyuo vya uuguzi wa familia kati ya Nakuru na Kisumu: tuvipime kwa zahanati zao

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa, na tena KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, inapofungua tovuti yake kwa maombi, wazazi na vijana wa huku kwetu huniuliza ni chuo gani kinachofaa kwa mtu anayetaka kuwa muuguzi wa familia. Wauguzi wenzangu wenye diploma, ambao wamekaa kazini kwa miaka na sasa wanataka shahada, huuliza swali hilohilo wakiwa na haraka zaidi. Nimefanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya ukanda wa ziwa, nimewapokea wanafunzi wa vyuo mbalimbali wanaoletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo, na nimewasindikiza jamaa na majirani kuvikagua vyuo kabla hawajalipa karo. Katika tathmini hii ninavipima vyuo kwa jambo moja ambalo naamini linayapita mengine yote, yaani mwanafunzi atakutana wapi na familia anazosomea kuzihudumia, na ni nani atakayekuwa amesimama kando yake wakati huo.

Ni vyema tuelewane kwanza kuhusu shahada inayotafutwa. Muuguzi wa familia mwenye mamlaka ya kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa ni cheo cha Marekani. Kilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kuwahudumia watoto katika sehemu zisizo na madaktari wa kutosha. Baadaye mafunzo ya aina hiyo yalipanuliwa yakaingiza familia nzima, na siku hizi husomewa katika shahada ya uzamili au ya udaktari wa uuguzi. Hapa Kenya mpangilio ni mwingine. Anayemaliza diploma ya miaka mitatu ya KRCHN husajiliwa kuwa muuguzi wa afya ya jamii, na anayesoma shahada, BScN, hukaa chuoni miaka minne kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini akiwa intani.

Kazi yenyewe, hata hivyo, haijakosa kuwapo kwetu. Zahanati, ambayo ni ngazi ya pili katika mfumo wetu wa afya, kwa kawaida huongozwa na muuguzi. Ndiye anayempima mama mjamzito, anayemchanja mtoto, anayetibu malaria, anayefuatilia presha ya nyanya na anayeamua nani apelekwe hospitali ya kaunti ndogo kabla giza halijaingia. Sehemu kubwa ya utambuzi wa magonjwa na uandishi wa dawa katika vituo vya afya iko mikononi mwa maafisa wa kliniki, ambao wana sheria yao na baraza lao. Kijana ambaye moyo wake uko hasa katika kutambua magonjwa na kuandika dawa aelezwe mapema kwamba njia ya afisa wa kliniki ipo, ili asije akajiunga na uuguzi akitarajia leseni ambayo uuguzi wa Kenya haumpi.

Nasisitiza hilo kwa sababu matangazo ya vyuo vya Marekani vinavyofundisha kwa intaneti yanawafikia wauguzi wetu kwenye simu zao kila siku, na mengi hayasemi kinachomhusu msomaji wa Kisumu. Vyuo hivyo, kwa kawaida, humtaka mwombaji awe tayari na leseni ya uuguzi ya Marekani, ambayo hupatikana kwa kufaulu mtihani wa NCLEX-RN. Nadharia inaweza kusomwa popote penye mtandao, lakini saa za kliniki hazisomwi kwenye skrini: mtihani wa kuthibitishwa kuwa muuguzi wa familia unadai saa zisizopungua 500 za kuwahudumia wagonjwa chini ya usimamizi, na viwango vya kitaifa vilivyotolewa mwaka 2022 vinavitaka vyuo vifikishe 750. Saa hizo hufanywa katika kliniki ambazo chuo kimezikubali, ndani ya majimbo ambako chuo kina ruhusa ya kufundisha. Muuguzi anayeishi Kondele, mtaa wa Kisumu, hataimaliza shahada hiyo akiwa Kondele, na yeyote anayemwambia ataimaliza anataka pesa zake.

Kwa wale ambao tayari wana leseni hiyo na wanahamia Marekani, kipimo changu hakibadiliki. Wahakikishe kwamba programu imeithinishwa na CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua mafunzo ya uuguzi huko, ili waruhusiwe kufanya mtihani wa kuthibitishwa wa ANCC au wa AANPCB. Kisha waulize swali ambalo huko lina uzito mkubwa kuliko sifa za chuo: je, chuo kinamtafutia mwanafunzi msimamizi wa kliniki, au kinamwachia ajitafutie? Wako wanafunzi wengi wa Marekani walioachwa wabishe milango ya kliniki moja baada ya nyingine, na wengine wamelazimika kulipa kutoka mifukoni mwao ili wapate mtu wa kuwasimamia. Chuo kikichukua karo yote na kumwachia mwanafunzi nusu ngumu ya kazi, mimi sikipendekezi hata kama jina lake linajulikana dunia nzima.

Nirudi nyumbani. Kabla ya kutazama hosteli au maktaba, hakikisha chuo kina idhini mbili: ya Baraza la Wauguzi la Kenya kwa programu hiyo na kwa kampasi hiyo, na, kwa shahada, ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Nataja kampasi kwa makusudi, kwa kuwa idhini ya kampasi moja haihamii kwenye tawi jipya lililofunguliwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi katika mji mwingine. Baraza huchapisha orodha ya taasisi zilizoidhinishwa, na kuisoma ni bure. Niliwahi kuketi katika ofisi ya usajili ya chuo kimoja cha binafsi cha ukanda huu, ambacho sitakitaja, pamoja na binti wa jirani yangu na mamake. Karani alitwambia kwamba barua ya Baraza iko njiani, kwamba darasa litaanza hata hivyo, na kwamba nafasi zilizobaki ni chache, kwa hiyo amana ilipwe siku hiyohiyo. Nilimwomba nambari za indeksi za darasa lililotangulia, zile ambazo Baraza humpa kila mwanafunzi aliyesajiliwa kwake. Hakuwa nazo. Mama aliirudisha simu yake kwenye mkoba na tukaondoka. Mwanafunzi asiye na indeksi hawezi kuufanya mtihani wa leseni wa Baraza, na bila mtihani huo miaka minne ya masomo haimpeleki wadini.

Kuhusu alama sina mengi ya kusema, kwani zimewekwa wazi: shahada inahitaji wastani wa C+ katika KCSE, pamoja na C+ katika Kiingereza au Kiswahili, Biolojia, Kemia, na ama Hisabati au Fizikia. Mwenye wastani wa C anaweza kuanza na diploma, kisha apande.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Wanafunzi wanapoletwa kituoni kwetu, mimi huhitaji siku chache tu kutambua chuo chao kinavyofanya kazi. Wa chuo kimoja hufika na barua, na orodha ya malengo ya kila wiki, na mkufunzi wao huja tusipomtarajia, akavaa glavu, akasimama kando ya mwanafunzi anayepapasa tumbo la mama mjamzito na kumuuliza kichwa cha mtoto kiko upande gani na amejuaje. Wa chuo kingine hushushwa na basi langoni na hatumwoni mwalimu wao tena hadi siku ya kuja kuwachukua. Wanafunzi hao si wavivu wala si wajinga, wameachwa tu. Nao wauguzi wa zahanati, ambao ni wawili na foleni ya kina mama imefika hadi kwenye mti, hawawezi kuwa wahudumu na wakufunzi kwa wakati mmoja kwa miezi yote.

Kinachonisikitisha zaidi ni kitabu cha kumbukumbu za taratibu. Kila mwanafunzi wa uuguzi hubeba kitabu ambamo hurekodiwa alichokifanya kwa mikono yake: amezalisha, amechanja, ameweka kijiti cha kupanga uzazi, ameshona jeraha, amemtembelea mgonjwa nyumbani. Kila kazi hutiwa sahihi na aliyemsimamia. Nimeshika vitabu ambavyo kurasa nzima za ziara za nyumbani zimetiwa sahihi na mtu mmoja, kwa kalamu moja, kwa mwandiko unaoteremka bila kupumua kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ilhali tarehe zilizoandikwa zimeenea muhula mzima. Mwenye kitabu kama hicho hakwenda kwenye nyumba hizo. Nimeshika vingine ambavyo wino unabadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa, pembe zimechafuka, na kando ya sahihi mkufunzi ameandika maneno kama "arudie kupima presha kwa mkono, asitegemee mashine pekee". Ukikizuru chuo chochote, mwombe mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne akuonyeshe kitabu chake. Utakijua chuo hicho vizuri kuliko kwa kusoma vijitabu vyake vyote vya matangazo.

Tazama pia mgao wa wiki. Chuo kinachodai kufundisha uuguzi wa familia lakini kinamweka mwanafunzi karibu muda wote katika wadi za hospitali ya Level 5, yaani hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti, kinafundisha kitu kingine, kizuri kwa mahali pake, ila si hiki. Wadini mgonjwa amelala peke yake na faili lake. Nyumbani kwake utaona kwamba dawa za presha za nyanya zinahifadhiwa kwenye kabati moja na za mjukuu mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), kwamba neti ya mbu imetundikwa juu ya kitanda kisicholaliwa na mtoto, na kwamba baba, ambaye hajawahi kufika kliniki, ndiye anayeamua nauli itatoka lini. Muuguzi wa familia hujifunza kuyaona hayo akiwa ameketi kwenye kiti alichopewa na mwenye nyumba, huku mkufunzi wake akimsikiliza anavyouliza maswali. Tangu wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja walipozinduliwa Septemba 2023, kila kijiji kina mtu anayezijua nyumba hizo, na chuo kizuri huwaunganisha wanafunzi wake naye moja kwa moja.

Kwa kipimo hicho, Chuo Kikuu cha Moi ndicho ambacho ningekianza kukitazama kama ningekuwa kijana wa C+ leo. Shule zake za afya ziko mjini Eldoret pamoja na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na tangu kitivo kilipoanzishwa kimejengwa juu ya mfumo wa COBES, unaowatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka katika vituo vya vijijini kusoma afya ya jamii pale ilipo. Chuo hichohicho ndicho kilichoanzisha mafunzo ya kwanza ya uzamili wa udaktari wa familia nchini mwaka 2005, na ushirikiano wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001 kwa ajili ya matibabu ya virusi vya UKIMWI, ulipeleka upimaji na ushauri hadi milangoni mwa watu wa magharibi mwa Kenya. Mazingira ya namna hiyo humfunza mtu mambo ambayo hayamo kwenye ratiba.

Maseno iko pazuri kwa anayetaka kuyajua magonjwa ya ziwa. Kampasi kuu iko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, na hospitali kubwa ya rufaa ni ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia kwa sababu Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga. Malaria, selimundu, na familia ambazo watu watatu wa vizazi vitatu wanatumia ARV ni mambo ya kila siku hapa, na chanjo ya malaria yenyewe ilizinduliwa nchini kutoka Homa Bay, Septemba 2019. Swali la kuuliza ni la kawaida kabisa lakini lina uzito: katika muhula wa mafunzo ya hospitalini mwanafunzi atalala wapi, na nani anagharimia usafiri? Kati ya Maseno na Kisumu ni kilomita 25 hivi, na mwenye zamu ya usiku hapaswi kuwa anatafuta matatu saa kumi na mbili jioni akiwa bado hajala.

Masinde Muliro ina faida ya kuwa katika mji mmoja na hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Kakamega, na vijiji vyenye watu wengi vinaanza mara tu unapotoka mjini, kwa hiyo ziara za nyumbani hazihitaji safari ndefu. Kwa wanaotoka Vihiga, Bungoma na Busia, nakiona kuwa chaguo la busara, kwa sharti kwamba wakuonyeshe orodha ya zahanati wanazotumia na jina la mkufunzi anayehusika na kila moja.

Egerton inahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa wengi hudhani masomo yote yako Njoro. Kitivo cha Sayansi za Afya kiko mjini Nakuru, na wanafunzi hutumia hospitali ya Nakuru Level 5, ambayo wazee wanaiita PGH, kwa jina lake la zamani la hospitali ya mkoa. Hospitali hiyo hupokea majeruhi wa barabara kuu, wajawazito kutoka kaunti kadhaa na wagonjwa wa sukari na presha kwa wingi, kwa hiyo mikono ya mwanafunzi haitakosa kazi. Nina hofu moja, kwamba hospitali kubwa kiasi hicho huweza kummeza mwanafunzi. Uliza ni wiki ngapi atakuwa katika mitaa ya Kaptembwo na Rhonda au mashambani Molo, na uliza kama atapelekwa kwenye familia ambazo watoto wao wana meno ya kahawia kwa sababu ya floridi iliyo katika maji ya visima. Tatizo kama hilo huonekana kwenye bomba na mtungi wa nyumbani, na muuguzi wa familia anapaswa kufika hapo.

Baraton, huko Nandi, ni chuo cha kanisa la Waadventista, na kimekuwa kikifundisha shahada ya uuguzi kwa muda mrefu. Wanaokipenda hukipenda kwa utulivu na nidhamu yake. Asiye Muadventista aulize mapema kuhusu taratibu za Sabato ili azipokee kwa hiari. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kilichoanza mwaka 1927 na ambacho kina kampasi Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji mingine mingi ya ukanda huu, hakitoi shahada hii, lakini nakitetea kwa nguvu zangu zote. Mwenye diploma ya chuo hicho anaingia zahanati akiwa anajua kazi, na kupanda hadi BScN baadaye kunawezekana katika vyuo vikuu vyenye mpango wa kuendeleza wenye diploma. Katika familia isiyo na pesa ni heri mtoto aanze hapo kuliko kukaa nyumbani miaka miwili akisubiri nafasi ya chuo kikuu.

Migomo nayo haiwezi kupuuzwa. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kwa karibu miezi mitano, na wahadhiri wa vyuo vya umma wamegoma zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni. Kiulize chuo kama kina makubaliano na hospitali za misheni, mfano Tenwek, Mukumu au Nyabondo, ambazo wauguzi wake hawaajiriwi na kaunti. Chuo kinachotegemea hospitali moja ya serikali pekee kitamwacha mwanafunzi bila wagonjwa siku wadi zitakapofungwa, na saa zilizopotea lazima zirudiwe kabla ya mtihani wa Baraza.

Kwenye karo, usikubali kupewa jumla moja. Omba maandishi yanayoonyesha ada ya hospitali za mafunzo, ada ya indeksi na ya mtihani, sare, bima, na usafiri wa nyanjani, kwa kuwa hapo ndipo bei mbili zinazofanana kwenye tangazo hutofautiana sana kufikia mwaka wa tatu.

Kwa muuguzi aliye kazini anayetaka kupanda, nina ushauri wa ziada. Kazi ya zahanati inapanuka: sheria za afya za mwaka 2023 na kuanza kwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, Oktoba 2024 zimeleta hazina maalumu ya kulipia huduma za ngazi ya pili na ya tatu, na kaunti zinahitaji wauguzi wanaoweza kuziongoza huduma hizo. Chagua chuo ambacho kitahesabu uzoefu wako na kukupangia mafunzo ya vitendo katika maeneo usiyoyajua, badala ya kukurudisha kwenye wadi uliyoitumikia kwa miaka. Kabla ya kulipa chochote, pata likizo ya masomo kutoka kaunti yako kwa maandishi, iliyotiwa sahihi na kuonyesha kama mshahara utaendelea na ni miaka mingapi utakayofungwa kuitumikia kaunti hiyo baada ya kuhitimu. Nakala moja ya barua hiyo ikae na msimamizi wako wa kituo, nyingine uiweke nyumbani, na ile halisi uende nayo chuoni siku ya kusajiliwa.